Pinyo Juu ya Kifuniko cha Sufuria

Musonda,

Jana uliniuliza swali mbele ya baba yako, nami nikainuka nikaenda kuosha sahani ambazo zilikuwa zimeshaoshwa. Uliona, na kwa heshima hukulirudia. Swali lenyewe lilikuwa fupi: "Mama, unanipa ile pinyo, ao hapana?" Kesho asubuhi kamiyo ya patron, lori la yule tajiri wako mpya, itasimama mbele ya soko la Kikula kukuchukua kwenda Chingola, ng'ambo ya mpaka, na bado hujapata jibu. Ninakuandikia kwa sababu nikijibu kwa mdomo nitapiga kelele, na nikipiga kelele utaondoka na kelele peke yake.

Sitaandika juu ya maji ya kuchemsha, wala misa ya Jumapili, wala wasichana wa Chingola. Wewe ni mtu mzima, unafua nguo zako mwenyewe tangu zamani. Ninataka kuandika juu ya kipande cha chuma kilichokaa juu ya sufuria yetu miaka yote hii, na juu ya watu walionifanya nishindwe kukitazama leo bila kukasirika.

Unakijua kuliko mimi. Ni gurudumu la meno, upana wake kama sahani ya mtoto, lina tundu katikati na mfereji mdogo wa kulishika lisiteleze. Wewe na baba yako mnaliita pinyo, kama kila mtu wa karakana. Mimi nililijua kwanza kama kitu cha kukandamiza kifuniko, ili maji ya bukari, ugali wetu, yakichemka yasimwagikie makala, makaa ya kupikia. Masizi yamejaa kati ya meno yake. Niliwahi kuyasugua kwa mchanga, baba yako akaninyang'anya kama vile nilikuwa nasugua jicho la mtu.

"Polepole, mama! Ile meno iko na kipimo."

"Na sufuria yangu haina kipimo?"

"Sufuria inaweza kungoya. Machine haingoye."

Mashine yenyewe ni ile tuuru ya karakana ya kampuni kule Panda, mashine ya baba yako, uliyojifunzia kazi. Inashika chuma cha duara, inakizungusha, na kisu kinakimenya kama mtu anavyomenya muhogo. Pinyo hii ndiyo iliyounganisha mzunguko wa chuma na mwendo wa kisu. Bila hiyo mashine bado inazunguka, lakini kisu hakitembei chenyewe. Unakisukuma kwa mkono, na huwezi kukata uzi wa skrubu hata mmoja. Baba yako alinieleza hivyo mara moja tu, nikaandika. Ndiyo kazi yangu, kuandika mambo ambayo wengine wanayaeleza mara moja.

Wewe ulikuwa bado shule wakati desturi ile ilipoanza. Mishahara ilianza kuchelewa, kisha ikawa haiji. Hapo vitu vikaanza kutoka katika karakana. Havikutolewa na wezi wa kuruka ukuta. Vilitoka mlangoni, mchana, na karatasi yenye sahihi. Motori ya umeme, nyaya za shaba, kisha mashine nzima ya kutoboa. Mafundi wakasema: mashine isiyo kamili hakuna atakayeinunua. Basi kila jioni kengele ikilia, kila mtu alifungua kipande kimoja cha mashine yake akaenda nacho nyumbani. Asubuhi, kama kazi ilikuwapo, walikirudisha. Katika kambi ya Panda ungeona ufunguo wa kukazia chuma umetundikiwa nguo za mtoto, na mkono wa kuendeshea kisu umezuia mlango usipigwe na upepo. Kwetu ikawa pinyo juu ya sufuria.

Wenzake walikuwa wakimtania baba yako njiani asubuhi, naye akiwajibu, ninakumbuka sauti zao zikipita dirishani.

"Kaoma! Pinyo yako ililala muzuri?"

"Ililala kupita weye. Weye bibi yako alikufungia inje tena, tulisikia."

"Hapana inje. Minye nilikuwa nalinda nyumba."

Nilipenda sana desturi hiyo. Nilidhani ni akili. Nataka ukumbuke kwamba niliidhani akili, kwa sababu nitairudia.

Kisha akaja bwana mwenye begi. Waliomtuma walikuwa wakubwa wa kampuni, wa mbali, na kazi waliyompa ilisikika nzuri kabisa: alinganishe gharama za njia mbili za kutengeneza vipuri. Njia ya kwanza ni ya kukata. Unanunua nondo nzima ya bronzi au ya chuma, unaifunga kwenye tuuru, unaondoa kila kisichotakiwa mpaka kipande kitokee. Njia ya pili ni ya kuongeza. Unayeyusha bronzi na kuimwaga katika kalibu ya mchanga, kipande kinatoka karibu na umbo lake. Au unachukua mhimili uliolika na kuujaza kwa kuchomelea, safu juu ya safu, mpaka urudishe unene wake. Kipande walichochagua kwa majaribio kilikuwa bushi ya pampu ya maji, ile pete nene ya bronzi ambamo mhimili wa pampu unazunguka. Pampu yenyewe ndiyo iliyokuwa inasukuma maji mpaka bomba la mtaa wetu hapa Kikula.

Niliomba ruhusa nimfuate kwa ajili ya gazeti letu, nikapewa, kwa sababu walidhani nitaandika sifa. Sitakuambia alikuwa mjinga. Alikuwa mtu makini, mwenye mikono safi na adabu. Alipima nondo kabla haijakatwa. Alipima bushi iliyotoka. Akaamuru maganda yote yaliyoanguka sakafuni yafagiliwe, akayapima nayo. Maganda yalikuwa mazito kuliko bushi. Akanionyesha kwa kidole.

"Tazama, madame. Mnanunua bronzi kwa dola, halafu mnaigeuza takataka."

Ilikuwa kweli, na niliandika kwamba ilikuwa kweli. Kisha akanipeleka mahali pa kusubu, penye tanuri la kuyeyushia bronzi. Hapo gharama ilikuwa makala, mchanga, na bronzi ya mabomba ya zamani pamoja na maganda yaleyale ya tuuru yakiyeyushwa tena. Karibu hakuna kilichopotea. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaacha kuandika bei kwa pesa ya nchi, maana bei ya Jumatatu ilikuwa uongo kufika Alhamisi. Niliandika kwa magunia ya makala na beseni za unga, na hata kwa kipimo hicho njia ya kuongeza ilishinda kwa mbali. Yeye akaandika pendekezo lake: tuuru zifungwe ziuzwe, kusubu na kuchomelea vibaki.

Nilimuuliza tukiwa tumesimama kwenye mlango wa mahali pa kusubu, yeye akitaka kuondoka.

"Bushi ikitoka katika mchanga, mhimili unaingia?"

"Unaingia baada ya kumaliziwa."

"Inamaliziwa wapi?"

"Kwenye tuuru, bila shaka. Ngozi ya nje inatolewa, tundu linasawazishwa."

"Na mhimili uliojazwa kwa kuchomelea?"

"Nao vilevile."

"Kwenye tuuru hizi unazotaka ziuzwe."

Akafunga kalamu yake. "Hilo, madame, liko nje ya utafiti wangu."

Nimefanya kazi hii muda mrefu, Musonda. Nimeambiwa uongo na watu wa kila cheo, na uongo haunikasirishi tena. Ni kama vumbi, unapangusa unaendelea. Kinachonikasirisha ni hesabu iliyo sahihi mpaka mlangoni na kusimama hapo. Alilinganisha njia mbili kana kwamba mtu akishika moja haihitaji nyingine. Kila fundi wa Panda alijua kwamba kinachoongezwa lazima kikatwe kidogo mwishoni ndipo kifanye kazi. Yeye pia alijua. Alinijibu bila kusita! Alijua na hakuiandika, kwa sababu hakuombwa.

Kuna jambo lingine hakuombwa. Gharama ya kusubu aliyoiandika ilitoka katika kumbukumbu za wakati Papa Mukendi alikuwa msimamizi wa tanuri. Unamkumbuka Papa Mukendi, aliyekuwa anakuletea vijogoo vya bronzi alivyovimwaga kwa mabaki. Wakati bwana mwenye begi anaandika, Papa Mukendi alikuwa hayupo tena mjini kwetu Likasi. Alizaliwa Panda, mkewe alizaliwa Panda, lakini babu yake alitoka Kasai, na mwaka ule wa fukuza-fukuza, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa, hiyo ilitosha. Baba yako alimpelekea chakula gare, kwenye kituo, alipokuwa anangoja treni pamoja na godoro lake na mamia ya watu. Mimi nilikuwa pembeni, ninaandika. Papa Mukendi akamwambia baba yako:

"Kaoma, banasema minye siko wa hapa. Basi ule muchanga ya kusubu, si minye njo niliuchimba kwenye mutoni wa hapa? Bautie nao mu treni, tuende wote."

Baba yako akacheka, kisha akageuka kando. Vijana wenye fimbo walikuwa wamesimama karibu, wawili kati yao nilikuwa nimewajua tangu ubatizo wao.

Baada ya Papa Mukendi, tanuri liliachiwa watu ambao hakuna aliyewafundisha. Niliona bushi zao zikipasuliwa: ndani zilikuwa na matundu kama mkate. Zilirudishwa motoni, makala yakaungua mara ya pili kwa bushi ileile, na mara nyingine ya tatu. Bado karatasi ilisema kuongeza ni nafuu. Mji ulimfukuza mtu aliyeifanya iwe nafuu, kisha ukaendelea kutumia hesabu yake.

Niliandika yote hayo. Gazeti letu dogo lilipita mkono kwa mkono hapa Kikula mpaka wino ukafutika kwenye mikunjo. Sokoni wamama waliniita juu ya vikapu vyao: "Mama journaliste! Muliwapiga! Muliwapiga muzuri!" Muuza sombe mmoja, yale majani ya muhogo, alikataa kupokea pesa yangu. Nilirudi nyumbani nikijisikia mrefu.

Mashine zilihesabiwa kuwa zimekufa siku chache baadaye, na hapa ndipo ninarudia ile desturi.

Bwana mwenye begi alipita kwenye mstari wa tuuru pamoja na mtunza ghala. Siku ile hapakuwa na kazi, mafundi walikuwa wameacha vipande nyumbani, na waliagizwa wasimame kila mmoja kwenye mashine yake. Kwenye kila moja aliuliza neno lilelile: "Iko kamili?" Mtunza ghala alitazama akajibu. Hii inakosa ufunguo. Hii inakosa mkono wa kisu. Hii inakosa pinyo. Na kila mara yule bwana aliandika: si kamili. Mashine kamili ina bei ya mashine. Mashine isiyo kamili ina bei ya vyuma chakavu, inauzwa kwa kilo.

Mafundi walisimama kimya, kila mmoja akijua kipande kiko wapi, na nyumba zao hazikuwa mbali. Lakini nani angefungua mdomo? Angesema, kipande ninacho nyumbani, na hapohapo angekuwa mwizi wa mali ya kampuni, mbele ya watu waliokwisha kutoa motori nzima kwa sahihi. Walichokificha ili mashine isiuzwe ndicho kilichoifanya iuzwe kwa bei ya mabati.

Baba yako alirudi akakaa kwenye kiti cha jikoni. Maji yalikuwa yanachemka. Alitazama pinyo juu ya kifuniko, haikutikisika.

"Tumeiua siye benyewe," akasema.

Nilimwambia hapana wakati ule, na leo bado nasema hapana. Amekubali kubeba lawama ambayo si yake, na katika ndoa yetu hilo ndilo jambo moja ambalo sijaweza kulibadilisha. Wakosaji walikuwa na begi na muhuri. Hawa walikuwa na njaa, na mashine walizozipenda, na walibuni ulinzi pekee uliokuwa mikononi mwao. Ila sitakuficha: ulinzi ule ulikuwa na shimo, na mimi niliyekuwa nikiingia karakana na kutoka nikiuliza kila mtu maswali, sikuuliza siku hata moja: je, atakuja mtu atakayependa mashine iwe pungufu? Tulimfikiria mwizi tu. Hatukumfikiria mnunuzi.

Mnunuzi ni huyu patron wako. Alinunua tuuru ya Panda kwa kilo, akaipakia juu ya vyuma chakavu, akaivusha mpaka hadi Chingola kama takataka. Wewe mwenyewe ulisaidia kufunga kamba, usinikatalie, nilikuona. Nilikuona pia ukiifuta mafuta kwa shati lako kabla hawajaifunika. Upande wa pili ikaoshwa, ikapakwa rangi ya kijani, ikafungwa kwenye sakafu ya simenti. Kisha akaanza kukusanya vilivyokosekana. Watu wake walizunguka kambi ya Panda na unga. Kipande kwa beseni. Simlaumu hata mmoja aliyetoa. Watoto wa kambi walikuwa wanakula mara moja kwa siku, na mkono wa kisu hauliwi. Vyote vilikwenda, isipokuwa kimoja.

Kwetu alikuja kijana mwenye kofia, wewe hukuwapo. Alikuwa na tabasamu la muuza dawa.

"Mama, ile kintu juu ya sufuria, haina kazi. Nakupatia bunga, beseni mbili."

"Iko na kazi. Inazuia kifuniko kisiruke."

"Ah, mama! Hata jiwe inazuia."

"Basi umupelekee patron wako jiwe."

Majirani walicheka mpaka akaondoka. Siku ile tulikula sombe bila bukari, na nikaona ni chakula kizuri.

Sasa patron amepata njia nyingine. Amekuita wewe. Mshahara wa kwacha, chumba nyuma ya karakana, kazi ya tuuru. Na mwisho wa ujumbe, kama kitu kidogo alichokikumbuka mlangoni: uje na ile pinyo. Ulinieleza ukitazama chini, na baba yako alikuwa amerudi kutoka machimbo ya Kamatanda muda uleule, na mfuko wake begani. Nilitazama mikono yake. Mtu huyu alikuwa anahisi unene wa unywele kwa kidole gumba, na sasa kucha zake ni za kijani kwa kuchimba mawe ya shaba kwenye mashimo ambayo hakuna anayeyategemeza kwa mbao. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Njo kazi yake," akasema. "Aende."

"Na pinyo?" nikamuuliza.

"Pinyo si yangu. Ni ya machine."

"Machine iliibiwa, Kaoma."

"Minye sijui. Umuulize mwenye sufuria."

Ndipo ukaniuliza, nami nikaenda kuosha sahani safi.

Leo tangu asubuhi nimefanya hesabu, kama ningeifanya kwa gazeti. Nimekwenda kwa mafundi wawili wa gereji, nimeuliza, nimerudi. Patron akitaka pinyo mpya ana njia mbili, zilezile za bwana mwenye begi. Anaweza kuikata katika kipande kizima cha chuma kigumu. Atahitaji mashine nyingine ya kuchonga meno, na mtu wa kugawa duara sawasawa jino kwa jino, na sehemu kubwa ya chuma itaishia sakafuni. Na kama hana mashine hiyo, ataagiza mbali, na tuuru yake itakaa inangoja. Au anaweza kuongeza: atafute pinyo iliyolika, aijaze meno kwa kuchomelea, kisha aipige tupa kwa mkono. Itakuwa rahisi mwanzoni, lakini jino la kwanza litavunjika siku ya kukata chuma kigumu, litaharibu meno ya jirani yake, na atalipa tena na tena. Njia yoyote atakayochukua, kwa jinsi alivyoinunua tuuru kwa kilo, pinyo moja itamgharimu zaidi ya alivyolipa mashine nzima.

Soma tena sentensi hiyo. Kitu kilichokaa juu ya sufuria yangu, kwa bei zake mwenyewe, kina thamani kuliko mashine aliyotuchukulia.

Anajua. Ndiyo maana amepata njia ya tatu, ambayo bwana mwenye begi hakuiandika: kumwajiri mtoto wa mtu aliyekificha. Hakati, haongezi, halipi. Unakuja nacho mfukoni, na unadhani umepewa kazi.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza lilikuwa hapana. Nilikaa nalo asubuhi yote. Nilifikiria kuitupa pinyo chooni. Niliichukua hata nikafika mlangoni, na ilikuwa bado na moto wa chai ya asubuhi, ikaniunguza kiganja, nikairudisha.

Halafu nikajisomea hesabu yangu kama ninavyosoma za wengine, nikatafuta mahali iliposimama. Inasimama mpakani. Nimehesabu kila kinachotoka Likasi na kile kilichoibiwa, na nina haki ya kukihesabu. Sikuhesabu kinachobaki. Kinabaki nini nikikunyima? Tuuru haitarudi Panda. Pinyo hii haizuii tena mashine, inazuia kifuniko. Wewe utakwenda Chingola uwe unasukuma kisu kwa mkono, na watasema fundi wa Likasi hajui kazi. Au utabaki, na Jumatatu utashuka shimoni Kamatanda nyuma ya baba yako. Mwezi uliopita shimo la jirani yao liliporomoka. Mimi ndiye niliyeandika majina.

Sikubali. Nina hasira nyingi, lakini sitazilipia kwa mikono yako.

Basi chukua pinyo. Lakini sikiliza ninavyokupa.

Simpi patron. Nakupa wewe. Ukifika, fanya kama walivyofanya Panda: asubuhi uitie, jioni uitoe, uende nayo chumbani kwako. Kila siku, hata siku ambayo atakupigia makofi ya sifa, hasa siku hiyo. Atasema, "Hii ni mashine yangu." Mjibu kwa adabu: mashine ni yako, patron, uliinunua kwa kilo, hii hukuinunua. Atapiga kelele. Muache apige. Akitaka kuinunua, asikupe bei ya unga. Amuulize fundi wake yeyote gharama ya kuikata na gharama ya kuijaza, halafu azungumze nawe juu ya mshahara. Akikufukuza, rudi nayo. Nimekuandikia hesabu yote ili kelele zikianza ujue umeshika nini mkononi. Baba yako na wenzake walikuwa na nguvu hiyo siku ya kusimama mstarini, na hakuna aliyewaambia bei yake. Mimi nilikuwa ninaandika, nikadhani kuandika kunatosha. Wewe nakuambia mapema.

Na safari hii hakuna kuficha. Weka pinyo mezani, ionekane. Mwenye kutaka kujua kwa nini mashine si kamili usiku, umjibu.

Nimeiosha masizi, kwa sabuni na mswaki wako wa zamani, polepole, kila jino. Mafuta ya mashine hatuna. Nimeipaka mawese isipate kutu njiani, uyafute kabla ya kuitia. Imo ndani ya suruali yako ya kaki, katikati ya mfuko, isije ikaumiza mtu kamiyo ikiruka.

Baba yako ameingia sasa hivi. Sufuria iko motoni kwa bukari ya jioni, na kifuniko kinapiga kelele. Ametazama kifuniko, akanitazama mimi. Ametoka nje. Nimemsikia akichagua kando ya ukuta, akiinua na kuangusha, kwa muda mrefu, kama mtu anayepima. Amerudi na jiwe, ameliosha kwenye ndoo, ameliweka juu.

"Inaenea? Inatosha?" ameuliza.

"Inaenea," nimemjibu.

Ni jepesi mno. Kifuniko bado kinaruka. Tutazoea.

Mama yako